Kuanzisha Kikundi cha Mashindano ya Hisabati Shuleni: Mwongozo kwa Mwalimu Anayeanza

Walimu wenzangu wa Dodoma, na wengine wa Singida, huniuliza maswali yale yale. Nianze na kitabu gani? Nichukue wanafunzi wangapi? Nichague wenye A peke yao? Sisi ni shule ya kata, maktaba hatuna, tutaweza kweli? Nimekuwa nikijibu vipande vipande kwenye WhatsApp, na kipande cha leo kesho hakionekani. Kwa hiyo nimeyaweka yote hapa.

Mwongozo huu ni kwa mwalimu wa sekondari mwenye vipindi vingi, darasa lililojaa, na saa moja na nusu tu ya ziada kwa wiki. Hiyo saa na nusu inatosha. Mradi uitumie vizuri, na kuitumia vizuri ni hivi: maswali machache, muda mrefu, na kila suluhisho liandikwe mpaka mwisho. Ukienda kinyume cha hapo utakuwa umeongeza masomo ya jioni tu, na hayo watoto wanayo tayari.

Mashindano yenyewe yakoje

Kwa ufupi. Ngazi ya juu kabisa ni Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, IMO, iliyoanza Romania mwaka 1959 na kufika Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2014, Cape Town. Kila nchi hupeleka wanafunzi wasiozidi sita. Mtihani ni wa siku mbili, kila siku maswali matatu kwa saa nne na nusu, kila swali alama 7, jumla 42. Mshiriki awe chini ya miaka 20 na asiwe ameanza chuo kikuu. Kwa bara letu kuna PAMO, Olimpiadi ya Hisabati ya Afrika, tangu 1987. Hapa nyumbani mlango wa kubisha hodi ni Chama cha Hisabati Tanzania, CHAHITA.

Sasa linganisha. Karatasi ya hisabati ya kidato cha nne ina maswali 14 kwa saa tatu, yaani dakika kama 13 kwa swali. IMO inampa mtoto dakika 90 kwa swali moja. Mwanafunzi aliyezoezwa kukimbia karatasi za miaka iliyopita akikaa mbele ya swali la dakika 90 ataweka kalamu chini dakika ya kumi, si kwa kukosa akili bali kwa kuwa hajawahi kukaa na swali moja kwa muda huo. Kazi ya kikundi chako ni kumzoeza hilo.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

- Ruhusa ya mkuu wa shule, tena ya maandishi, na mwalimu wa taaluma awe anajua. Ruhusa ya mdomo hufa siku mkuu anapohamishwa.
- Chumba chenye ubao mzima na chaki. Ubao uliochubuka utakutesa kwenye jiometri.
- Kaunta buku moja kwa kila mwanafunzi, isiyotumika kwa somo lingine lolote.
- Mikebe michache ya kushirikiana. Cha muhimu ni bikari na rula. Vikokotoo viache nyumbani, kwenye olimpiadi haviruhusiwi.
- Rimu moja ya karatasi.
- Maswali. Maswali yote ya IMO tangu 1959 yanapatikana bure kwenye tovuti yake rasmi, lakini usianzie huko, utawatisha watoto na wewe mwenyewe. Anza na karatasi za ngazi ya chini: AMC 8 ya Marekani (maswali 25, dakika 40), shindano la vijana wadogo la UKMT la Uingereza (maswali 25, saa moja), au za shindano la kimataifa la Kangaroo. Haya ni ya kuchagua jibu, lakini ukiondoa yale majibu ya kuchagua na kumwambia mtoto aeleze, yanageuka kuwa maswali mazuri sana.
- Mtu wa pili. Mwalimu mwenzako, au mwanafunzi wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) aliye tayari kushuka kutoka Chimwaga mara moja moja. Ukiwa peke yako, siku ukipata homa na kikundi kinapata homa.

Fulana, bendera na zawadi havimo kwenye orodha hii. Vilevile usichangishe wazazi bila kibali. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, mchango wowote una utaratibu wake, na kikundi kizuri kinaweza kufungwa kwa sababu ya mia tano tano zilizokusanywa bila barua.

Hatua ya 1. Panga siku moja na usiihamishe

Ijumaa mchana kuna swala. Jumamosi Wasabato hawapo. Jumatatu kuna vikao. Kwa shule nyingi inabaki Jumanne au Jumatano baada ya vipindi. Malizeni kabla ya saa kumi na moja jioni. Mwanafunzi wa kutwa anayerudi Nkuhungu au Ihumwa atagombania daladala na watu wazima waliotoka kazini, na unajua konda akiona sare ya shule anavyofanya.

Kama shule yako iko Bahi, Chamwino au Kongwa, jua mapema kuwa kuanzia Januari mpaka Machi mahudhurio yatayumba. Mvua za kwetu ni msimu mmoja, na palizi haimsubiri mtu. Usiwafukuze kwenye kikundi watoto waliokwenda shamba.

Hatua ya 2. Chagua kwa swali, usichague kwa alama za muhula

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanachukua kumi bora wa mtihani wa muhula, wanaita timu, kazi imekwisha. Kumi bora mara nyingi ni wepesi wa kukariri njia, na njia zikikosekana wanalia. Bandika tangazo, kila mtu wa kidato cha kwanza mpaka cha tatu aruhusiwe. Kidato cha nne waache, wana moko na mitihani yao. Tangazo liwe na maswali matatu na wiki nzima ya kuyajibu. Unaweza kutumia haya:

*Swali A.* Mama mmoja Majengo sokoni ana punje za karanga chini ya 200. Akizipanga tatu tatu zinabaki 2. Akizipanga tano tano zinabaki 4. Saba saba, zinabaki 6. Ana punje ngapi?

*Swali B.* Zidisha 7 kwa 7 kwa 7, uendelee mpaka saba zote ziwe 2026. Jibu linaishia na tarakimu gani?

*Swali C.* Shamba la zabibu Hombolo lina umbo la mstatili. Kisima kimechimbwa mahali popote ndani yake. Unavuta kamba kutoka kisimani mpaka kila pembe ya shamba, linagawanyika kuwa pembetatu nne. Pembetatu mbili zinazotazamana, ukijumlisha maeneo yao, ni sehemu gani ya shamba?

Karatasi zikirudi usitazame nani kapata. Tazama nani kahangaika. Aliyeandika 7, 49, 343, 2401, 16807 na kugundua kuwa mwisho unazunguka 7, 9, 3, 1 kisha akakosea kuhesabu mzunguko (jibu ni 9), huyo mchukue. Aliyeandika "9" peke yake, mwite umuulize kwa upole ameipataje. Chukua kumi na tano mpaka ishirini. Ukipata themanini, hongera, lakini huna chaki ya themanini.

Angalizo: hesabu wasichana kwenye orodha yako kabla ya kuibandika. Wakiwa wachache kuliko darasani, rudi kwenye karatasi. Mara nyingi utakuta wapo walioandika vizuri lakini kwa kalamu ya risasi, herufi ndogo, jibu limefichwa pembeni.

Hatua ya 3. Siku ya kwanza, mchezo mmoja ubaoni

Usianze na nadharia wala historia ya Pythagoras. Andika ubaoni:

1 2 3 4 5 6 7 8 9 10

Waambie: mtu anakuja, anafuta namba mbili zozote, anaandika tofauti yake. Akifuta 10 na 4 anaandika 6. Mnaendelea mpaka ibaki namba moja. Swali: mnaweza kuifanya hiyo ya mwisho iwe 0?

Kisha kaa chini. Namaanisha kaa, kwenye dawati, chaki wape wao. Wa kwanza atafuta 10 na 9, aandike 1; 8 na 7, aandike 1; akifika mwisho ana 1 tano, zinafutana mbili mbili, inabaki 1. Mwingine atasema alichagua vibaya, atakuja na mpango wake, atapata 3. Mwingine 1 tena. Mwingine 5. Kelele zitakuwepo. Usiseme kitu. Kwenye dakika ya ishirini hivi mmoja, na mara nyingi siyo yule uliyemtegemea, atasema: "Mwalimu, mbona kila mara tunapata witiri?"

Hapo ndipo kipindi chako kinapoanza. Waulize kwa nini. Waache wajikune vichwa. Ukiona wamekwama kabisa, toa dokezo moja tu: jumlisha namba zote zilizopo ubaoni kila baada ya kufuta, andika jumla pembeni. Wataona 55, halafu 37, halafu 23, kutegemea walivyofuta. Jumla inapungua, lakini daima kwa namba shufwa. Sababu yake: ukifuta a na b, ambapo a ndiyo kubwa, umeondoa a + b ukarudisha a − b; jumla imepungua kwa 2b. Ilianza 55, ambayo ni witiri, kwa hiyo haitakuwa shufwa kamwe, na 0 ni shufwa. Basi haiwezekani.

Wengi watakuwa hawajawahi kuona hisabati inayothibitisha kuwa jambo *haliwezekani*. Waache na hilo. Kazi ya nyumbani: je, tukianza na 1 mpaka 11? Na 1 mpaka 12? Kwa namba zipi inawezekana? (Inawezekana kwa 11 na kwa 12: zifute mbili mbili zinazofuatana upate 1 tupu, zikiwa shufwa kwa idadi zinafutana zote. Kanuni ya jumla waitafute wenyewe, na wewe ukiwa hujaipata usiwaambie.)

Kosa kubwa la siku ya kwanza ni mwalimu kutoa jibu dakika ya saba kwa sababu ukimya unamkera. Vumilia.

Hatua ya 4. Wafundishe kuandika suluhisho

Hatua hii ndiyo ndefu kuliko zote na inachukua miezi. Wanafunzi wetu wanajua kukokotoa, lakini kuandika hoja hawajafundishwa, na mashindano ya kuandika yanatoa alama kwa hoja.

Chukua swali hili: *Ukipewa namba nzima tano zozote, thibitisha kuwa kati yake unaweza kupata tatu ambazo jumla yake inagawanyika kwa 3.*

Karibu kila mwanafunzi mpya ataandika hivi:

> Tuchukue 1, 2, 3, 4, 5. 1 + 2 + 3 = 6. 6 ÷ 3 = 2. Kwa hiyo ni kweli.

Alama: 0. Atalalamika. Mpe kaunta buku yake na umuulize: na nikikupa 7, 10, 22, 31, 400? Hizo tano amezijibu? Hajazijibu. Neno "zozote" kwenye swali ni la kuogopwa, mfano mmoja hauliwezi.

Sasa andikeni pamoja:

> Namba yoyote ikigawanywa kwa 3 inabaki 0, 1 au 2. Tuangalie mabaki ya namba zetu tano.
>
> Hali ya kwanza: mabaki yote matatu, 0, 1 na 2, yanaonekana. Tunachukua namba moja yenye kila baki. Jumla ya mabaki ni 0 + 1 + 2 = 3, kwa hiyo jumla ya namba hizo inagawanyika kwa 3.
>
> Hali ya pili: kuna baki lisiloonekana. Basi namba tano zimegawana mabaki mawili au moja tu, kwa hiyo kuna baki lenye angalau namba tatu. Tunachukua tatu hizo. Jumla ya mabaki yao ni mara tatu ya baki lile, nayo inagawanyika kwa 3.
>
> Hali hizi mbili zinamaliza uwezekano wote. Imethibitishwa.

Hiyo ni 7. Waonyeshe sentensi ya mwisho, "zinamaliza uwezekano wote", na uwaeleze kuwa ukikosekana uhakika huo suluhisho linavuja.

Kusahihisha, tumia alama 7 kama wanavyofanya wakubwa. Suluhisho kamili 7. Kamili lakini lina kasoro ndogo inayorekebishika, 6 au 5. Hatua ya kweli kuelekea suluhisho, mfano ametaja mabaki lakini hakumaliza, 1 mpaka 3. Mifano mitupu, 0. Jibu sahihi lisilo na maelezo, mara nyingi 0 au 1. Ukiwahurumia ukatoa 4 kwa kila karatasi, umewaficha ukweli ambao mashindano yatawaambia mbele za watu.

Kila wiki mwanafunzi mmoja aandike suluhisho lake ubaoni na wenzake walitafutie tundu. Wawe wanasema "hapa sijaelewa", wasiseme "umekosea". Tofauti ni ndogo lakini itakuokolea watoto wawili watatu waoga.

Hatua ya 5. Mpangilio wa mada

Olimpiadi zina maeneo manne: nadharia ya namba, kuhesabu na mipangilio, jiometri, na aljebra. Usiyabebe yote kwa pamoja. Mpangilio ninaoupendekeza ni huu.

*Mabaki kwanza.* Yanamhusu kila mtoto aliyesoma KDS (namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote) na KKS (namba kubwa kabisa inayozigawa zote) shule ya msingi, na yanatoa matunda haraka. Rudi kwenye karanga za Majengo. Inabaki 2 kwa tatu, 4 kwa tano, 6 kwa saba. Kila mara imepungua moja kufika fungu kamili. Mwongeze yule mama punje moja. Sasa zinagawanyika kwa 3, kwa 5 na kwa 7, yaani kwa KDS yake, 105. Chini ya 200 ni 105 tu, kwa hiyo alikuwa na 104. Mtoto aliyekuwa anajaribu namba moja moja akiona hila ya "mwongeze moja", hutamtoa tena kwenye kikundi.

*Njiwa na matundu.* Njiwa wakizidi matundu, kuna tundu lenye njiwa zaidi ya mmoja. Watu 13 wakikaa pamoja, wawili wamezaliwa mwezi mmoja. Sentensi fupi, maswali yake hayaishi.

*Kuhesabu njia.* Kusalimiana, kupanga foleni, kuchagua kamati. Usitoe fomyula kabla hawajahesabu kwa vidole kesi ndogo.

*Jiometri ya pembe na maeneo.* Swali la kisima cha Hombolo lipo hapa: pembetatu mbili zinazotazamana zina vitako vyenye urefu sawa, na vimo vyao viwili vikijumlishwa ni upana mzima wa shamba, kwa hiyo ni nusu. Baada ya hapo pembe ndani ya duara, polepole. Michoro ichorwe kwa bikari, mikubwa, ukurasa mzima. Mchoro mdogo unaficha.

*Aljebra mwisho.* Watakuwa wameanza kuihitaji wenyewe.

Hatua ya 6. Lugha

Mtoto amesoma hisabati kwa Kiswahili miaka saba, kidato cha kwanza anaambiwa kwa Kiingereza. Kwenye kikundi wafikiri na wabishane kwa Kiswahili. Kuandika wafanye kwa zote mbili kwa zamu, kwa kuwa karatasi nyingi watakazokutana nazo nchini ni za Kiingereza. Kurasa za nyuma za kaunta buku ziwe za msamiati, neno na mfano, si neno na tafsiri tu. Na wajue hili pia: IMO humruhusu mshiriki kuandika majibu kwa lugha anayoitaka, na viongozi wa timu hutafsiri maswali kwa ajili ya wanafunzi wao.

Hatua ya 7. Andaa mashindano yenu madogo

Tarehe ya kulenga ni 14 Machi, Siku ya Pai, ambayo tangu UNESCO ilipoipitisha mwaka 2019 ni Siku ya Kimataifa ya Hisabati. Kama Machi ni mapema mno, au mvua imewatawanya, fanyeni Julai baada ya likizo. Alika shule moja ya jirani, mbili zikizidi. Utaratibu:

1. Maswali matano, saa mbili. Moja rahisi ambalo kila mtu atalipata, ili asiwepo wa kurudi nyumbani na sifuri. Moja gumu ambalo huenda hata mmoja asilipate.
2. Karatasi ziwe na namba, zisiwe na majina wala shule.
3. Msahihishaji mmoja asahihishe swali moja kwa watahiniwa wote. Mkigawana karatasi badala ya maswali, malalamiko yatawafuata mpaka mwaka unaofuata.
4. Baada ya mtihani, kabla ya matokeo, nusu saa ya kujadili majibu ubaoni. Hiki ndicho kipande watakachokizungumzia njiani.
5. Tangaza walioshika nafasi za juu tu. Orodha ya wa mwisho haimsaidii mtu.
6. Zawadi: kaunta buku, mkebe. Inatosha.

Wanafunzi wakitoka nje ya shule, afisa elimu ajulishwe na wazazi wasaini. Maji ya kunywa yawepo. Jua la Dodoma saa saba mchana si la mchezo.

Hatua ya 8. Kutoka nje ya mkoa

Wasiliana na CHAHITA mapema mwakani ujue ratiba na masharti ya mwaka huo, usisubiri tangazo likufikie kwa uvumi. Na wakati huohuo shughulikia jambo moja ambalo walimu hulisahau: vyeti vya kuzaliwa. Mtoto mwenye kipaji asiye na cheti cha RITA hatapata pasipoti, na bila pasipoti hakuna PAMO. Kagua kikundi chako sasa hivi, wakiwa bado kidato cha pili.

Ukikwama

*Walikuwa ishirini, wamebaki sita.* Sita ni kikundi. Lakini angalia kama umeanza kutoa maswali magumu mfululizo. Kila kipindi kiwe na swali moja ambalo kila mtu atalimaliza.

*Mkuu wa shule anasema mnapoteza muda wa maandalizi ya NECTA.* Usibishane. Mpelekee kaunta buku mbili za wanafunzi, ya Februari na ya Agosti. Tofauti ya uandishi ataiona mwenyewe.

*Swali mwenyewe silijui.* Sema hulijui, mlifanye pamoja, ukienda nyumbani ulifanye tena. Usiwape swali ambalo hujawahi kuligusa hata kwa dakika ishirini, lakini usiogope kushindwa mbele yao.

*Wavulana wawili wanajibu kila kitu.* Sheria: dakika kumi za mwanzo hakuna kusema, kuandika tu. Kisha wewe ndiye unayetaja jina. Wale wawili wape swali lingine gumu pembeni.

*Intaneti hakuna.* Mara moja kwa mwezi, mjini, pakua karatasi kumi kwenye simu. Zitawatosha muhula mzima. Kikundi kinachomaliza karatasi kumi kwa mwezi kinakimbia, kirudishe hatua ya 3.

*Mwanafunzi ananakili majibu kutoka kwenye simu.* Mwite ubaoni alieleze. Akiweza kulieleza lote na kujibu maswali ya wenzake, amejifunza, mwache.

*Tumekwenda mashindano, tumepata alama za aibu.* Omba kuona karatasi, au waambie waandike upya kila walichokumbuka wakiwa bado kwenye basi. Usitazame jumla. Tafuta kama kuna swali moja ambalo mtoto alilifikisha mwisho. Hata IMO, mshiriki asiyepata medali lakini aliyepata 7 kamili kwenye swali moja hupewa cheti cha kutajwa kwa heshima. Aliyepata 1 kwenye kila swali hapewi. Kama swali la namna hiyo halipo, Jumatano inayofuata chukueni lile la kwanza, lile rahisi kuliko yote, mkae nalo kipindi kizima mpaka kila mmoja aliandike kwa alama 7.